Fundi wa Nyavu Ndani ya Seli

Wahenga walitwambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimeanza na methali hii kwa kuwa ndani ya mwili wako, saa hii unaposoma ukurasa huu, kuna mafundi wanaoziba nyufa bila kungoja kuambiwa na mtu. Nyufa zenyewe zimo katika DNA. Makala haya yanahusu mafundi hao na jambo moja ambalo limenikaa moyoni tangu tulipofika mada ya jenetiki darasani: kwamba fundi anaweza kuziba ufa vizuri, akaiokoa nyumba, na papo hapo akawa amefungua mlango wa maradhi. Maradhi hayo hayako mbali nasi. Huwapata watoto wa ufuo huu wetu wa ziwa.

Kabla sijaendelea, neno kuhusu lugha. Wapo wenzetu wanaodai ati Bayolojia haisemeki kwa Kiswahili kwa vile mtihani wake tunaufanya kwa Kiingereza. Mimi nasema hebu tujaribu kwanza. Nitatumia seli, jeni, kromosomu na protini kama watu wanavyozitumia, na kimeng'enya kwa ile protini inayoharakisha kazi fulani mwilini. Anayependa "chembechembe hai" badala ya seli na aweke; sitagombana naye.

Basi, DNA ni nini? Chukua ngazi ya kamba, ile yenye kamba mbili za pembeni na vidato katikati (hapa sina maana ya Kidato cha Tatu), kisha uisokote. Kila kidato ni jozi ya herufi. Herufi ni nne tu: A, T, G na C. A hushikana na T, na G hushikana na C, siku zote. Ndani ya kiini cha seli moja ya binadamu mna vidato kama bilioni 6, vilivyogawanywa katika vipande 46 tunavyoviita kromosomu. Ukivinyosha vyote na kuviunganisha utapata urefu wa mita 2 hivi. Mita mbili katika kitu usichoweza kukiona bila hadubini! Na jeni ni sehemu ya ngazi hiyo yenye maagizo ya kazi fulani, mathalani jinsi ya kutengeneza protini inayobeba oksijeni katika damu.

Ngazi hii huharibika kila siku. Jua letu hapa Maseno, ambapo mstari wa ikweta unakatiza barabara ya Kisumu na Busia, huziharibu herufi katika seli za ngozi. Ndiyo maana ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi hushauriwa kuvaa kofia pana na mikono mirefu. Hewa tunayoivuta nayo huacha mabaki makali ndani ya seli. Mara nyingi uharibifu huwa upande mmoja tu wa ngazi, na hapo kazi ni rahisi, kwani upande wa pili bado unaonyesha ni herufi gani iliyokuwapo. Ukiona T imesimama peke yake, unajua mwenzake alikuwa A. Watatu waliofafanua matengenezo ya namna hii, Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015.

Lakini kuna siku kamba zote mbili hukatika mahali pamoja. Hili si mchezo. Ngazi imekuwa vipande viwili, na hakuna upande wa pili wa kutazamia. Miale ya eksirei inaweza kufanya hivyo, kemikali fulani pia, na wakati mwingine mashine ya seli yenyewe hujikwaa inapoinakili DNA. Wataalamu hukadiria kwamba seli moja hupata mikatiko ya namna hii kati ya 10 na 50 kwa siku. Seli ikigawanyika kabla ya kuunga, mkono mzima wa kromosomu unaweza kupotea pamoja na mamia ya jeni.

Seli ina njia mbili kuu za kuunga. Ya kwanza naiita njia ya kunakili. Fikiri daftari lako limeraruka ukurasa, na mwenzako wa dawati moja ana maandishi yale yale mliyoyatoa ubaoni pamoja. Unaazima lake, unanakili, na hakuna herufi inayopotea. Seli nayo hufanya hivyo kwa kutumia kromosomu pacha. Ila pacha huyo hupatikana tu baada ya seli kumaliza kujinakili, ikijiandaa kugawanyika. Muda mwingine wote hakuna wa kuazimwa daftari.

Hapo ndipo inapokuja njia ya pili, ya kuunga ncha kwa ncha. Wanaofika Dunga pale Kisumu wamewaona wavuvi wameketi kivulini wakishona nyavu. Uzi ukikatika, mvuvi hushika ncha hii na ncha ile, akafunga fundo, akaendelea. Hajali kama uzi umefupika kidogo. Ajali yake ni tundu. Seli nayo ni vivyo hivyo. Protini yenye umbo la pete hujivisha kwenye kila ncha iliyokatika ili isiliwe. Jina lake ni Ku. (Nilicheka nilipolisoma, maana kwetu "ku" ni kiambishi tu: kuunga, kushona, kufunga. Kumbe imeitwa hivyo kutokana na herufi mbili za mwanzo za jina la mgonjwa wa Japani ambaye damu yake ilisaidia kuigundua.) Baada ya Ku huja wengine: wa kuzivuta ncha zikaribiane, wa kupunguza sehemu zilizochanika, na mwisho kimeng'enya cha kuzigandisha. Fundo tayari.

Katika kupunguza na kugandisha, herufi moja mbili hupotea au huongezeka. Kwa kawaida hatudhuriki, kwani ni sehemu ndogo tu ya DNA, isiyozidi asilimia 2, inayobeba maagizo ya kutengeneza protini. Lakini kosa hilo dogo likiangukia katikati ya jeni, jeni inaweza kuzimika kabisa. Ajabu ni kwamba siku hizi wanasayansi hulitafuta kosa hilo makusudi. Ugonjwa wa seli mundu, ambao wengi wetu hapa Nyanza tunaujua kwa kuona ndugu na majirani wakilia kwa maumivu ya mifupa, ulipata tiba mpya iliyoidhinishwa Uingereza mnamo Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Daktari hutoa seli za uboho, huikata DNA yake mahali palipochaguliwa, kisha humwachia fundi wa ncha kwa ncha aunge kwa namna yake ya kupoteza herufi. Swichi iliyokuwa ikizuia damu ya utotoni huharibika, damu hiyo hurudi, na mgonjwa hupata nafuu. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja, kwa hiyo tusishangilie mapema mno.

Sasa tuje kwenye kosa kubwa. Rudi Dunga. Tuseme nyavu mbili zimelazwa pamoja, na zote mbili zimekatika kwa wakati mmoja. Mvuvi anaona ncha nne. Akishika ncha ya wavu huu na kuifunga kwenye ncha ya wavu ule, mafundo yatakuwa imara na hakutakuwa na tundu, lakini nyavu si zile tena. Ndivyo kromosomu mbili zinavyobadilishana vipande. Fundi wa ncha kwa ncha hana macho ya kusoma kilichoandikwa. Hujua tu kwamba ncha iliyo wazi ni hatari. Mwenzetu mmoja katika mkutano wa chama aliuliza kwa nini basi asingoje mpaka pacha apatikane. Ni swali zuri. Seli nyingi mwilini haziko njiani kugawanyika, kwa hiyo pacha hatakuja leo wala kesho, na ncha iliyo wazi huendelea kuliwa. Kwa maoni yangu fundi huyu hastahili lawama. Bila yeye tusingefika hata siku ya kuzaliwa.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji aliyeitwa Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto wa miaka mitano ambaye taya zake zilikuwa zimevimba pande zote mbili, juu na chini. Burkitt alikuwa mzaliwa wa Ireland na alikuwa na jicho moja tu, jingine alilipoteza utotoni. Muda mfupi baadaye akiwa Jinja alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe ule ule. Alipopekua kumbukumbu za hospitali aliwakuta wengine, na mwaka 1958 akaandika habari zao katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Ilikuwa saratani, tena ya chembe nyeupe za damu, na ilikua kwa kasi ya kutisha.

Burkitt hakuridhika kukaa Kampala. Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia katika gari kuukuu aina ya Ford wakasafiri kuelekea kusini mwa Afrika kwa majuma 10, maili 10,000 hivi, wakiuliza kila hospitali: je, mmewahi kuuona uvimbe huu? Majibu yalipochorwa kwenye ramani yalifanya ukanda. Ugonjwa ulikuwako penye joto na mvua, na haukuwako kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ulifuata nyayo za mbu. Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepunguzwa sana wakati huo, uvimbe huo ulikuwa nadra mno. Ramani hiyo, jamani, iliupitisha ukanda papa hapa kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria.

Mwaka 1964 London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona virusi vipya ndani ya seli za uvimbe uliotumwa kwa ndege kutoka Uganda. Hivyo ndivyo virusi vya Epstein-Barr. Hata hivyo, karibu kila mtu duniani huvipata, pengine hata wewe na mimi tunavyo, na hatuugui. Huku kwetu tofauti ni umri. Watafiti walipowafuata watoto wachanga wa Kisumu na wa Nandi, waliona kwamba wa Kisumu walivipata kwa wastani kabla ya kutimiza miezi 8, na wale wa Nandi walichelewa kidogo. Hali kadhalika, virusi peke yake havitoshi kueleza uvimbe.

Kilichotosha kilionekana kwenye kromosomu zenyewe. Mwaka 1972 George Manolov na Yanka Manolova, wakifanya kazi Sweden, waliona kwamba katika seli za ugonjwa huu kromosomu ya 14 ilikuwa ndefu kuliko inavyopaswa. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake walionyesha kile kipande cha ziada kilikotoka: kwenye kromosomu ya 8. Mwaka 1982 jeni iliyohamishwa ikajulikana, nayo ni MYC. Nyavu mbili zilikuwa zimekatika, na fundi alikuwa amefunga ncha zisizo wenzi.

MYC ni jeni ya kuiambia seli ikue na igawanyike. Ni kama kengele ya shule. Ina wakati wake. Mahali ilipohamia kwenye kromosomu ya 14 ndipo hutengenezwa kingamwili, yaani silaha za damu, na katika seli B, zile chembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili, mahali hapo hapalali usiku wala mchana. Ni kama mtu aifunge kengele ya shule kwenye mkanda wa kinu cha posho: kila mkanda unapozunguka, kengele inalia. Seli inasikia "gawanyika, gawanyika" bila kikomo. Watoto wapatao 8 kati ya 10 wenye ugonjwa huu wana badiliko hili la 8 na 14. Waliobaki, MYC yao imeunganishwa na kromosomu ya 2 au ya 22, ambako pia kuna jeni za kingamwili.

Utauliza, kwa nini iwe seli B na si seli ya ini au ya msuli? Kwa sababu seli B hujikata zenyewe. Ili mwili uweze kupambana na kila kidudu kigeni, seli hizi hukata sehemu za jeni zake za kingamwili na kuziunga upya, zikijaribu mpangilio huu na ule hadi silaha inayofaa ipatikane. Kimeng'enya kinachoanzisha ukataji katika hatua ya baadaye kinaitwa AID (tafadhali usikichanganye na UKIMWI), nacho kilitangazwa mwaka 1999 na kundi la Tasuku Honjo wa Japani. AID ni mkasi mzuri, lakini mara mojamoja hukosea shabaha na kuikata MYC. Sasa una mikatiko miwili katika seli moja, na fundi asiyesoma amefika na uzi wake.

Malaria inaingilia hapo hapo. Mtoto anayeumwa na mbu wenye vimelea mwaka mzima, seli zake B huitwa kazini kila mara, na mkasi hautulii. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walionyesha kwa panya kwamba maambukizi marefu ya vimelea vya malaria huongeza mikatiko inayoletwa na AID na saratani za seli B. Mwaka huo huo utafiti mwingine uliofanyiwa kwetu ulikuta AID ikiwa juu zaidi katika damu ya watoto wanaoishi penye malaria nyingi. Virusi vya Epstein-Barr navyo hufanya ubaya wake: seli ambayo MYC yake imeharibika kwa kawaida hujiua yenyewe, na virusi huisaidia isife. Mkasi, fundi na virusi, wote katika seli moja ya mtoto mmoja. Haishangazi kwamba wengi wa watoto wa Kisumu na Siaya hawaupati ugonjwa huu kamwe. Yashangaza kwamba unatokea hata mara moja.

Ndiyo maana chandarua si cha homa tu. Chanjo ya malaria nayo, iliyozinduliwa nchini mwetu Septemba 2019 kule Homa Bay kisha ikatolewa katika kaunti kadhaa za magharibi, inapunguza idadi ya mara ambazo mkasi huo unatolewa alani.

Dalili nizieleze wazi, kwa sababu wengi wetu tuna wadogo zetu nyumbani. Mtoto, mara nyingi wa kati ya miaka 4 na 9, na wavulana zaidi ya wasichana, huanza kulegea meno ambayo hayajafika wakati wake. Taya huvimba. Jicho linaweza kutokeza. Wengine huvimba tumbo badala ya taya. Watu husema ni jino tu, ling'olewe. Lakini seli hizi zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Uvimbe ulioonekana wakati shule inafunguliwa hautangoja likizo. Kisumu tuna Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wazee bado huiita Russia, na huko watoto hawa hutibiwa. Katika nchi tajiri karibu watoto 9 kati ya 10 hupona. Huku kwetu wanaopona ni wachache kuliko hapo, na sababu kubwa ni kuchelewa kufika na kukatiza matibabu nauli inapokwisha.

Upasuaji haufai sana. Burkitt mwenyewe aliligundua hilo mapema akaacha kisu na kutumia dawa. Mojawapo, vinkristini, hutolewa katika ua la asili ya Madagaska ambalo hupandwa kwenye nyua nyingi, lile la rangi ya waridi au jeupe lenye petali tano, nayo huizuia seli isiweze kugawa kromosomu zake. Nyingine, siklofosfamidi, hufanya jambo ambalo baada ya yote niliyoyaandika limenifurahisha kulijua: huiharibu DNA makusudi, kwa kuzifunga kamba mbili za ngazi pamoja zisiweze kuachana. Seli ya kawaida isiyo na haraka humwita fundi, ikapata muda wa kutengenezwa. Seli ya saratani, kengele ikiilia masikioni, haingoji. Huingia kujigawa na DNA iliyovurugika, nayo hufa. Seli za mizizi ya nywele nazo hugawanyika upesi, ndiyo maana nywele za mtoto hudondoka wakati wa matibabu. Dawa zikikoma, huota tena.